Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuchagua Pikapu ya Chama

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wajumbe wa kamati wataweza kufanya mambo matatu: kueleza kwa maandishi kazi itakayofanywa na gari la chama, kulinganisha pikapu za aina mbalimbali kwa uwezo wa kupita njia mbaya, na kukokotoa gharama halisi ya kila gari badala ya kutazama bei ya dukani peke yake.

Jambo hili si dogo. Pikapu ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa ambavyo wanachama hununua kwa pamoja, na fedha yake hutoka katika kila kilo ya kahawa, pamba au korosho iliyopita mizanini. Gari likichaguliwa vibaya, hasara haimfuati aliyeliuza. Humrudia mkulima kwa njia ya makato msimu hadi msimu.

1. Kazi kwanza, gari baadaye

Kamati nyingi huanza mazungumzo kwa kutaja jina la gari. Huko ni kuanza mwisho. Inafaa katibu achukue karatasi na kuandika majibu ya maswali matatu kabla ya jina lolote kutajwa.

Swali la kwanza ni la mzigo. Pikapu za jamii inayozungumzwa hapa hubeba takribani tani moja. Magunia ya kahawa ya maganda yenye kilo 50 kila moja hufika 20 kwa hesabu ya karatasi, na mifuko ya mbolea ni vivyo hivyo. Magunia ya korosho yenye kilo 80 ni 12 tu. Lakini dereva, abiria na chuma lolote lililoongezwa bodini vyote huhesabiwa katika tani hiyo. Watu watano wakipanda, karibu theluthi moja ya uwezo wa gari imekwisha kabla ya gunia la kwanza kupakiwa.

Swali la pili ni la njia. Ziandikwe kilometa za lami, za changarawe, na za udongo mtupu. Kisha zihesabiwe siku za mwaka ambazo udongo huo haupitiki. Udongo mweusi wa mbuga huko Usukumani hunata na kuziba meno ya tairi. Udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro na Mbinga huteleza kama sabuni. Mchanga wa Mtwara na Lindi humeza gurudumu. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja si lazima imfae mwingine.

Swali la tatu ni la safari: ni ngapi kwa mwaka, na ni ngapi kati ya hizo huangukia msimu wa ununuzi, ambapo gari kulala gereji siku tatu ni mazao kulala nje siku tatu.

Hapo ndipo suala la kabini lijadiliwe. Kabini mbili huongeza viti na hupunguza bodi. Kama kazi iliyoandikwa ni kubeba magunia na pembejeo, kabini moja yenye bodi ndefu ndiyo inayoitimiza, na mara nyingi bei yake ni nafuu zaidi. Kabini mbili ina haki yake pale ambapo wakaguzi, mabwana shamba na makarani husafiri kila wiki. Haina haki kwa sababu tu viongozi wangependa kuonekana ndani yake.

2. Kinachoipitisha pikapu katika njia mbaya

Wengi hudhani kwamba kuendeshwa na magurudumu yote manne kunatosha. Hiyo ni sehemu moja tu. Kuna mambo sita ya kutazama.

(a) Chasi. Pikapu za kazi hujengwa juu ya chasi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vipande vya kukingama. Chasi hiyo huvumilia kupindwa na mashimo na huweza kubeba mzigo bila bodi kupasuka.

(b) Gia nzito. Gari lenye magurudumu manne ya kuendesha huwa na seti ya pili ya gia, ambayo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Ndiyo inayoliwezesha gari lenye mzigo kupanda mlima polepole bila kuunguza klachi, na kuteremka bila kuchosha breki.

(c) Kufuli la difu. Kwa kawaida difu hupeleka nguvu kwa gurudumu linaloteleza na kuliacha lililoshika ardhi. Kufuli huyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja. Katika tope, kifaa hiki kimoja mara nyingi huokoa zaidi ya injini kubwa.

(d) Kimo na mkia. Nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari huwa kati ya sentimeta 20 na karibu 30 katika pikapu hizi, kutegemea jinsi mtengenezaji alivyopima. Lakini bodi yenye mkia mrefu nyuma ya gurudumu itakwaruza mtaro hata kama tumbo liko juu.

(e) Springi. Springi za majani huvumilia mzigo mzito na fundi wa kijijini anazifahamu. Jani likivunjika hubadilishwa. Springi za mviringo hulainisha safari, lakini huzama zaidi zikielemewa.

(f) Tairi. Tairi zenye meno mapana hushinda tofauti nyingi zilizopo kati ya gari na gari. Pikapu ya kifahari yenye tairi za lami itabaki topeni, huku ya kawaida yenye tairi za kufaa ikiipita. Katika mchanga, kupunguza upepo hupanua unyayo wa tairi. Ni lazima ujazwe tena kabla ya kurudi barabara ngumu.

Onyo kwa madereva: katika pikapu nyingi, magurudumu manne ya kuendesha hayafai kutumiwa kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa katika kona, na chuma kisichopata nafasi ya kuteleza hujipinda mpaka giaboksi au propela iharibike.

3. Pikapu tano zikilinganishwa

Toyota Hilux ilianza kuundwa mwaka 1968, na ile ya magurudumu manne ya kuendesha ilitokea mwaka 1979. Kizazi kilichotoka mwaka 2015 kina springi za majani nyuma na huruhusiwa na mtengenezaji kupita maji ya kina cha sentimeta 70. Nguvu yake kubwa kwa chama iko nje ya gari lenyewe: spea zapatikana hata katika miji midogo, mafundi wanaijua, na wanunuzi wa gari kuukuu huitafuta. Udhaifu wake ni bei.

Isuzu D-Max ilianza mwaka 2002, ikitoka kwa mtengenezaji ambaye sifa yake imejengwa juu ya injini za dizeli. Kizazi kilichotoka mwaka 2019 huruhusiwa kupita maji ya sentimeta 80, na kiliongezewa kufuli la difu ya nyuma katika baadhi ya matoleo. Pikapu hizi huunganishwa Nairobi, jambo linalorahisisha upatikanaji wa spea kwa vyama vya Kenya na vya mikoa ya jirani.

Mitsubishi L200, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1978, ina fadhila ya pekee: matoleo yenye mfumo uitwao Super Select yana difu ya katikati, hivyo magurudumu manne ya kuendesha yaweza kutumika hata kwenye lami. Katika barabara ya lami iliyolowa na kupakwa tope, hiyo ni faida kubwa. Si kila L200 inao mfumo huo; lazima iulizwe. Mkia wake nao ni mrefu kidogo.

Nissan Navara ya mwaka 2014 ilileta springi za mviringo nyuma katika matoleo mengi ya kabini mbili. Ni laini kwa abiria. Chama kitakachoijaza tani nzima kila siku kitafute toleo lenye springi za majani.

Ford Ranger ya kizazi cha mwaka 2011 huruhusiwa kupita maji ya sentimeta 80, na injini yake kubwa ya dizeli ya lita 3.2 ina nguvu nyingi milimani. Huundwa pia Afrika Kusini. Kabla ya kuinunua, kamati itafute kwanza gereji yenye vifaa vya kuipima mitambo yake ya umeme, na ijue iko umbali gani.

Neno moja lazihusu zote. Injini za dizeli za siku hizi hunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba. Maji au uchafu kidogo katika dizeli huziharibu, na nozeli ni ghali. Dizeli ya madumu ya njiani ni adui wa gari jipya kuliko tope.

4. Bei siyo gharama

Wahenga walisema: rahisi ghali. Lakini msemo si hesabu, na kamati inatakiwa kufanya hesabu. Uchukuliwe mfano wa darasani, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu.

Gari A linanunuliwa kwa shilingi milioni 90, na baada ya miaka mitano linauzwa kwa milioni 50. Matengenezo ya miaka hiyo ni milioni 12. Gari B linanunuliwa kwa milioni 60, linauzwa kwa milioni 15, na matengenezo yake ni milioni 20. Mafuta na bima vichukuliwe kuwa sawa.

Gari A: milioni 40 zilizopotea katika thamani, na 12 za matengenezo, jumla milioni 52.
Gari B: milioni 45 zilizopotea, na 20 za matengenezo; jumla milioni 65.

Gari lililoonekana ghali ni nafuu kwa milioni 13. Lakini hesabu haijakwisha. Iwapo chama hakina zile milioni 30 za ziada na kinazikopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kikilipa milioni 6 za deni kila mwaka, riba ya miaka mitano itakuwa milioni 13.5. Gharama ya Gari A inapanda hadi milioni 65.5, na faida yote imemezwa na riba. Chama chenye akiba na chama chenye deni vyaweza kutazama magari yaleyale mawili na kila kimoja kikawa sahihi kwa kuchagua tofauti.

Pana na hesabu ya tatu, ambayo husahauliwa mara nyingi. Ikiwa gari, dereva, bima na mafuta vitagharimu jumla ya milioni 28 kwa mwaka, na gari la kukodi hutoza shilingi 200,000 kwa safari, basi milioni hizo zingelipia safari 140. Chama chenye safari 60 kwa mwaka hakihitaji pikapu. Kinahitaji mkataba mzuri wa kukodi, au kushirikiana gari na chama jirani.

5. Gari lililotumika

Hilux haikuuzwa nchini Japani kuanzia mwaka 2004 hadi 2017. Basi inayosemwa kuwa ni ya miaka hiyo na ilitumika Japani inastahili kuulizwa maswali zaidi. Umri nao una uzito: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu.

Katika ukaguzi, fundi asiyekuwa na maslahi na muuzaji atazame chasi kama ina viraka vya kuchomelea. Afungue oili ya difu, maana ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia. Atazame moshi, kwani wa buluu ni oili inayoungua na mweusi ni mafuta yanayozidi hewa. Kisha gari lipakiwe mzigo halisi na lipandishwe mlima halisi, gia nzito na kufuli la difu vikijaribiwa mahali penye udongo laini. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

6. Uamuzi ni wa wanachama

Kamati huchunguza na kupendekeza. Mkutano mkuu ndio unaoamua. Nchini Tanzania ununuzi uwemo katika makisio ya mapato na matumizi, na mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano na kuidhinishwa na Mrajis. Wanachama wapewe ulinganisho wa angalau magari matatu, pamoja na kukodi, kwenye karatasi moja yenye tarakimu.

Gari likishafika, daftari la safari lifunguliwe siku hiyohiyo: tarehe, kilometa za kuondoka na kurudi, mzigo, lita za mafuta, na sahihi ya aliyeidhinisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pikapu hupotea upesi kuliko mali nyingine, kwa kuwa ina magurudumu.

Maswali ya kujadili

1. Ni siku ngapi za mwaka uliopita ambazo barabara za chama chenu hazikupitika kwa gari la kawaida?
2. Katika mfano wa Gari A na Gari B, jibu litakuwaje iwapo riba itakuwa asilimia 10?
3. Gereji ya karibu yenye spea za pikapu mnayoipendelea iko wapi, na nani amekwenda kuthibitisha?
4. Je, kazi iliyoandikwa na katibu inahitaji kabini mbili? Toeni sababu.
5. Ni nani atakayeshika ufunguo wa gari siku za Jumapili?