Sukari Inapopanda Siku ya Dripu

Mwanamke mwenye kisukari hutibiwa saratani ya matiti, ya shingo ya kizazi au ya mfuko wa uzazi kama wenzake: upasuaji, mionzi, dawa za dripu. Ila daktari wa saratani lazima ajue kuhusu kisukari, na kliniki ya kisukari nayo ijue kuhusu saratani. Mgonjwa aende na daftari lake na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.

Siku ya dripu ndiyo huwashtua wengi. Asubuhi sukari ilikuwa 7, jioni mashine inasoma 16, na lawama zote zinamwangukia aliyepika ugali. Aghalabu ugali hauna kosa. Kabla ya dawa kama paklitakseli, mgonjwa hupewa deksamethasoni ili kuzuia mzio na kichefuchefu, nayo hupandisha sukari, hasa kuanzia mchana hadi usiku. Kwa hiyo siku hiyo na inayofuata msipime asubuhi tu. Pimeni na kabla ya chakula cha jioni. Kabla ya dripu ya kwanza muulizeni daktari: ikifika ngapi tupige simu? Dawa ya kisukari ibadilishwe vipi? Msijipangie dozi wenyewe.

Baadaye huja kinyume chake. Mgonjwa anatapika, hataki chakula, au mionzi ya nyonga inamharisha, na sukari inashuka. Akitoka jasho, akitetemeka au akianza kuongea ovyo, mpimeni. Ikiwa chini ya 4, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Na asiyeweza kula asikatishe insulini kabla ya kuongea na daktari.

Paklitakseli na sisplatini hutia ganzi miguuni, na kisukari nacho ni hivyo hivyo. Asitembee peku hata uani. Maji ya kuoga apimiwe joto na mtu mwingine, kwa kiwiko, na kila jioni nyayo zikaguliwe hadi katikati ya vidole.

Dripu hupunguza kinga, na kwa mwenye kisukari maambukizi hukomaa upesi. Joto la mwili likifika 38, msimpe parasetamo mkasubiri kupambazuke: mpelekeni hospitali usiku huohuo.