Kuifufua Besi Iliyochokonolewa

Miaka ya 1970 na 1980 besi nyingi za Fender Precision ziliangukia mikononi mwa watu wenye bisibisi na mawazo mengi. Shimo la pikapu ya pili lilichongwa karibu na daraja, saketi ya betri ikaingizwa, rangi ikakwanguliwa mbao ibaki wazi. Leo besi ya namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini kuliko iliyosalimika, na ndiyo maana inashawishi.

Usishike patasi bado. Piga picha kila kitu, hasa waya, kabla hujakata hata mmoja. Kisha soma namba iliyo mgongoni mwa potensiometa. Chukua 1377232: 137 ni kiwanda cha CTS, 72 ni mwaka 1972, 32 ni wiki. Haisemi gitaa liliundwa lini, maana potensiometa zilinunuliwa kwa wingi na kukaa stoo. Inasema tu kwamba, ikiwa risasi ya kulehemu haijaguswa, gitaa si la kabla ya hapo. Linganisha na tarehe iliyo kwenye kisigino cha shingo, kama bado inasomeka.

Shingo ndiyo inayofuata, na ikague kabla hujatoa hata senti ya vipuri. Kaza nyuzi hadi sauti yake ya kawaida, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha chungulia freti ya saba hivi. Upenyo wa kama milimita 0.3 unatosha. Ukizidi sana, legeza nyuzi na ufungue shingo, kwa kuwa nati ya fimbo ya chuma inayonyoosha shingo imejificha kisiginoni. Ikaze robo mzunguko kuelekea kulia, rudisha shingo, pima tena. Inachosha, ndiyo. Nati ikigoma usiilazimishe: fimbo ikikatika ndani, fundi atalazimika kuifumua shingo.

Kwenye umeme kazi ni nyepesi. Toa betri na saketi yake. Pikapu ya Precision ina vipande viwili vilivyounganishwa mfululizo; vikipimwa pamoja, nyingi husoma kiloomu 10 na ushei. Multimita isiposoma kitu, pima kila kipande peke yake. Huenda waya wake, mwembamba kama unywele, umekatika. Usiitupe pikapu, isukwe upya. Kinachobaki ni potensiometa mbili za kiloomu 250, kapasita moja na tundu la kebo.

Mbao iwe ya mwisho, na hapa jiulize kama kuna haja. Pikapu ya ziada iliyochongewa vizuri na yenye sauti nzuri mimi ningeiacha, kwani kiziba kwenye mbao isiyopakwa rangi hakifichiki. Ukiamua kuziba, nyoosha kuta za shimo kwa patasi, kata kipande cha mbao ya aina ile ile, mistari yake ielekee upande mmoja na ya mwili. Kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba, si kwa nyundo. Tia gundi, bana usiku kucha, kiache kimechomoza kidogo, kisha piga randa na msasa. Rangi isubiri wiki kadhaa: gundi inapoendelea kukauka hunywea, na mpaka wa kiziba hujichora juu ya rangi iliyopakwa kwa pupa.

Vyote ulivyovitoa vitie kwenye mfuko ndani ya kasha la gitaa. Siku ya kuuza, mnunuzi ataviulizia.