Biashara ya Nyumbani na Chungu cha Mtoto: Somo kutoka Rugera



Somo letu la leo si la kuchuma wala kuanika karafuu. Ni la miezi ile ambayo mikarafuu imesimama tu na nyumba inataka kula. Kila mwanachama anaijua miezi hiyo. Mtoto anatakiwa sare ya shule, mgonjwa anataka dawa, na karafuu bado ziko mtini, au ni mwaka ambao mikarafuu imepumzika na haikuzaa. Hapo ndipo wengi wetu huingia katika deni, na hapo ndipo mama wa nyumba huanza biashara yake ndogo: akapika maandazi ya kuuza, akasuka ukili, au akashuka pwani kulima mwani.

Safari hii tumeona vyema tuwatazame wakulima wenzetu wa bara, kwa kuwa zao lao ni jingine lakini shida yao ni hii hii. Tunasema juu ya Rugera, katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Zamani wilaya ilikuwa moja, Karagwe. Kyerwa ikatengwa mwaka 2012. Wenyeji ni Wanyambo. Mali yao ni kahawa ya robusta na migomba, na vyote viwili hukaa katika shamba moja lililozunguka nyumba, nalo huitwa kibanja. Chini ya migomba hupandwa maharage. Basi mtu akitoka mlangoni yumo shambani, na mama anaweza kupalilia huku akisikia chungu kinavyochemka.

Kahawa huanza kuvunwa kiasi cha mwezi wa Mei. Kabla ya hapo nyumba huwa haina fedha, na katika miezi hiyo huja mtu mwenye fedha mfukoni. Huitazama kahawa ikiwa bado ua au punje changa, akainunua papo hapo juu ya mti. Biashara hii wao huiita butura. Tuseme mkulima ana miti ambayo msimu ukifika itampa kahawa ya shilingi 100,000. Mtoto ni mgonjwa leo, naye anapewa 30,000. Msimu ukifika yeye ndiye anayepalilia na pengine yeye ndiye anayechuma, lakini magunia ni ya mwenzake. Serikali imeikataza butura mara nyingi. Kuna pia ushirika, nao ni KDCU, chama kikuu cha Karagwe kilichoundwa mwaka 1990. Lakini ushirika hununua kahawa iliyovunwa, haununui ua, na mtoto mgonjwa hangojei mavuno.

Wazee wetu hawatashangaa kusikia haya. Mashamba mangapi ya Unguja na Pemba yaliingia katika rahani, hata mwaka 1934 ikabidi itolewe sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wadai! Na hivi leo, mwenye kukodisha mikarafuu yake mapema kwa sababu ya shida ya wiki moja, tofauti yake na mtu wa butura ni ndogo sana.

Sasa tuone biashara ya nyumbani inaingia wapi. Watu wengi huidharau na kuiita fedha ya chumvi. Sisi twaona kazi yake kubwa ni kulinda zao lisiuzwe likiwa ua. Mama akiwa na 30,000 yake kibindoni siku mtoto anapougua, mtu wa butura atapita njia na kwenda zake. Kwa hiyo faida ya biashara ile isipimwe kwa fedha zilizoonekana tu. Ipimwe pia kwa kahawa iliyobaki mtini mpaka ikaiva.

Biashara moja ya Kagera ambayo huku kwetu haipo ni kahawa ya kutafuna. (Katika lugha za huko neno la kahawa linafanana na mwani wetu, basi msomaji asishangae akimsikia mtu wa Kagera akisema anatafuna mwani.) Punje huchumwa zikiwa zimekomaa, zikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikaanikwa juani mpaka zikauke, kisha zikafungwa vifurushi vidogo. Mgeni akifika hukaribishwa kwa hizo. Mama anayefanya kazi hii hutumia kahawa yake mwenyewe, na ndiyo maana hesabu humpotea. Tuseme kahawa aliyoitwaa kibanjani ingeuzwa 10,000, kuni ni 2,000, vifungio 500, na nauli ya gulioni 2,000. Akiuza vyote kwa 20,000, atarudi nyumbani akisema amepata ishirini elfu. Alichopata ni 5,500. Ikiwa kazi ilichukua siku tatu, ajue kwamba siku moja ya jasho lake haikufika 2,000. Pengine bado yafaa kuifanya, lakini aifanye akijua.

Hata hivyo fedha si hasara kubwa inayotutia wasiwasi. Mkoa wa Kagera una ndizi tele, na mgeni akiona migomba ile atasema hapa hapana njaa. Walakini kwa miaka mingi mkoa huo umetajwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye watoto wengi waliodumaa. Yawezekanaje? Ndizi hushibisha, lakini haina vya kutosha vya kujenga mwili, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Likijazwa ndizi tupu, nafasi ya maharage, dagaa au yai haipo tena. Tena mtoto huyu hawezi kula mara mbili kwa siku kama baba yake. Ataka kulishwa mara tatu au nne, kidogo kidogo, na mtu aliyetulia.

Sasa tia biashara ndani ya nyumba hiyo. Kuku wanataga, mayai yanakwenda gulioni. Maharage yamekomaa, yanauzwa kwa kuwa yana bei. Msimu wa senene ukifika, nyumba nzima hukesha ikiwakamata, na asubuhi senene hukaangwa na kuuzwa, nao ni chakula kizuri cha kujenga mwili kuliko vingi tunavyonunua dukani. Kwa desturi ya zamani ya Wahaya, jirani wa Wanyambo, wanawake ndio waliokamata senene, wakawapa waume zao, wao wenyewe wasile. Mambo hayo yamebadilika, lakini soko laweza kuwa mume mwingine: mama akamata, mama akaanga, mtu wa mjini anakula.

Twashauri hivi. Kabla ya kitu chochote kutoka nyumbani kwenda kuuzwa, fungu la mtoto litolewe kwanza, kama vile tunavyotoa mbegu kabla ya kula mavuno. Mayai matano yakipatikana, moja au mawili hayaendi sokoni hata bei ikipanda. Na mtoto asipewe chai wala kahawa pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini ya chuma mwilini, yale yanayojenga damu.

Kitu cha pili kinacholiwa na biashara ni saa za mama. Mwanamke wa Rugera huamka kabla ya jua, huteka maji, hupalilia, hupika, na sasa ameongeza sufuria ya kahawa inayochemka muda mrefu katika jiko la moshi, pengine mtoto yu mgongoni anavuta moshi ule ule. Ikiwa ananyonyesha, mtoto wa chini ya miezi 6 hana chakula kingine ila maziwa yake, na akienda gulioni kutwa mtoto huachwa na uji wa dada mwenye miaka 7. Hapo waume tusijifiche. Biashara ile inaokoa kahawa ya baba isiende butura. Basi si aibu baba kuteka maji siku ya gulio, au kulitoa jiko la biashara nje penye hewa.

Kwetu sisi jambo hili hujitokeza zaidi wakati wa msimu. Karafuu zikishuka, mama huchambua makonyo mpaka usiku, kukicha huanika, mvua ikinyesha hukimbilia majamvi, na maandazi yake bado anataka kuyapika. Tumeona nyumba ambazo katika wiki hizo watoto hula mkate mkavu na chai asubuhi na jioni, na fedha zimo ndani. Kwa siku hizo yafaa biashara ndogo ifungwe kabisa, mtaji wake uwekwe mbali na fedha za karafuu, hata jamvi la mwisho likunjwe. Wateja wa maandazi watarudi.