Antena au Bando: Piga Hesabu Kabla ya Kutoa Mtaji

SOMO LA WIKI

Msimu wa mavuno Ufipa ukishapita, na wakulima wakishauza mahindi yao kwa NFRA au kwa wafanyabiashara binafsi, maduka ya vifaa vya umeme ya Mazwi huchangamka. Runinga hununuliwa wakati huo. Swali linalofuata huwagusa mnunuzi na muuzaji kwa pamoja: chaneli za hapa nchini zipokelewe kwa antena na king'amuzi, au kwa intaneti ya simu? Wiki hii tunalipima swali hilo kwa shilingi.

Tulikotoka

Vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Wakati huo antena na runinga vilitosha. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia na mikoa mingine ikifuata kwa awamu. Tangu hapo runinga ya zamani haioni kitu bila king'amuzi. Baadaye intaneti ya simu ilipanuka, na leo vituo vingi hurusha matangazo yao huko pia.

Tofauti ya msingi

Mnara wa matangazo ni sawa na basi ambalo nauli yake imekwisha kulipwa. Wakipanda watu kumi au elfu kumi, gharama ya mwenye mnara haibadiliki, na mtazamaji hadaiwi zaidi kwa kukaa muda mrefu. Intaneti ni sawa na bodaboda: kila abiria na safari yake, kila safari na malipo yake. Aidha, wakazi wengi wa mtaa mmoja wakifungua picha kwa wakati mmoja, mnara wa simu huelemewa na picha hukwama.

Hesabu yenyewe

Picha ya kawaida inayokwenda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia MB 450 kwa saa. Tuseme MB moja inakugharimu Sh 2. Saa moja ni Sh 900. Familia inayotazama saa 2 kila siku itatimiza saa 60 kwa mwezi, yaani MB 27,000, sawa na Sh 54,000. Ukitaka picha safi zaidi ya megabiti 3, zidisha mara tatu: Sh 162,000.

Sasa upande wa antena. Tuseme king'amuzi, antena, waya na fundi ni Sh 100,000, na kifurushi cha mwezi ni Sh 14,000. Kwa familia ile ile, antena inaokoa Sh 40,000 kila mwezi, hivyo gharama ya kuanzia inarudi katika miezi miwili na nusu.

Hata hivyo, mtu anayetazama taarifa ya habari dakika 15 tu kwa siku hutumia saa 7 na nusu kwa mwezi, yaani Sh 6,750. Huyo anunue bando, asihangaike na antena. Kwa bei hizi za mfano, mpaka uko karibu nusu saa kwa siku. Weka bei ya kifurushi chako mwenyewe, nawe utaona mpaka wako ulipo.

Milima haina huruma

Mawimbi ya runinga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati Bonde la Ziwa Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika viko takriban mita 800. Kwa hiyo antena inayofanya kazi vizuri Mazwi inaweza isione chochote Muze au Kasanga, kwa sababu ukingo wa uwanda unaziba njia. Huko dishi la setilaiti ndilo jibu, au intaneti pale penye mnara wa simu wa karibu.

Mambo manne ya kuuliza dukani

Kwanza, kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? Kama za bure zinakutosha, hesabu ya antena inakuwa nyepesi zaidi.

Pili, runinga ina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake? Hicho kinaweza kuokoa bei ya king'amuzi, lakini si pale ambapo mawimbi yamefungwa kwa king'amuzi cha kampuni. Ijaribu kabla ya kulipa.

Tatu, unataka mpira? Haki za Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam Media mwaka 2021 kwa miaka 10, kwa Sh bilioni 225.6. Usitegemee chaneli za bure. Mwenye banda la kuonyeshea mpira akumbuke pia kwamba picha ya intaneti huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi. Jirani akishangilia bao ambalo wateja wako hawajaliona, kesho watahamia kwake.

Nne, umeme ukikatika? Hapo simu inashinda, maadamu ina chaji.

Kwa mwenye duka

Usijaze stoo antena kwa kuwa zinauzika mjini. Muulize kila mteja anatoka kijiji gani kabla ya kumuuzia. Wa uwandani mwuzie antena, wa bondeni mwelekeze kwenye dishi. Antena iliyorudishwa na mteja aliyepanda gari kutoka bondeni ni mtaji uliolala, na jina la duka limeharibika gulioni.

Kwa ufupi: anayetazama sana na yuko mahali penye mawimbi, antena. Anayetazama kidogo au yuko safarini, bando. Aliye nyuma ya mlima, dishi. Kabla ya kutoa fedha, chukua kalamu kwanza.