Kengele ya Tangi: Chagua Vifaa Unavyovijua



Somo la mwezi huu ni juu ya kengele ya kukuonya kwamba tangi la maji limejaa. Wengi wenu huvuta maji kwa pampu ya mafuta, na tangi likifurika, fedha humwagika pamoja na maji.

Kwanza nakiri kosa langu. Kengele yangu ya kwanza niliitengeneza kwa kompyuta ndogo ya kipande kimoja, niliyoiagiza mbali. Ilifanya kazi vizuri mpaka mvua ilipoingia ndani ya sanduku lake. Usiku ule haikulia. Pampu ilikwenda hata mafuta yakaisha, na maji yakachukua kitalu changu chote cha miche ya kabichi. Fundi wa redio sokoni alikitazama kile kipande, akanirudishia. Hakuwa nacho, wala hakukijua.

Basi nikajiuliza: kazi yenyewe ni ipi? Ni kujua jambo moja tu, kama maji yamefika juu au bado. Kazi hiyo haihitaji kompyuta.

Fanya hivi. Chukua dumu la lita 3, tia mchanga kilo 1, kisha ulifunge sana lisiingie maji. Ning'iniza dumu ndani ya tangi kwa kamba, upitishe kamba juu ya roda ukingoni, na upande wa nje fungia jiwe la nusu kilo. Maji yakipanda, dumu hupanda na jiwe hushuka. Pale jiwe linapofika tangi likikaribia kujaa, weka swichi ya kubonyeza kama ya kengele ya mlango. Unganisha swichi, betri na kengele ya volti sawa na za betri. Kwisha. Tumia betri tu. Stima ya nyumba karibu na maji yaweza kuua.

Betri ikiisha, jiwe bado litakuonyesha kiasi cha maji, hata mchana kwa mbali.

Pengine siku moja utatengeneza kitu kinachohitaji transista. Chukua ya kawaida kama BC547, maadamu umeme utakaopita hauzidi miliampea 100. Ikikosekana, 2N3904 yaweza kushika kazi nyingi za namna hiyo. Lakini angalia miguu, maana mpangilio wake ni kinyume cha ule wa kwanza.

Kabla ya kununua kifaa chochote, jibu maswali haya:

1. Je, kinauzwa katika soko ninalolifikia siku moja nikarudi?
2. Je, mimi au fundi wa karibu tumekwisha kukitumia?
3. Kikiharibika usiku, kuna kingine cha kushika mahali pake?

Jibu likiwa hapana, tafuta njia iliyo nyepesi zaidi. Kifaa cha shamba hupimwa siku kinapoharibika, na siku hiyo wewe ndiwe fundi.