Mshahara Unapokamatwa: Nani Ana Haki ya Kukata, na Kiasi Gani

Ndugu mwanachuo, wengi wetu tunaosoma hapa Uganda tumetoka Tanzania na Kenya, na huko ndiko tutakakorudi kutafuta kazi. Mwezi wa kwanza tukilipwa tutakuta kwenye hati ya mshahara mistari ya makato ambayo hakuna aliyetufundisha kuisoma. Somo hili linahusu makato ya madeni. Mifano mingi nitaitoa Tanzania.

Msingi wa kuanzia ni kwamba mwajiri si mkusanya madeni wa kila mtu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinamkataza kukata mshahara isipokuwa pale sheria, mkataba wa pamoja, agizo la mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya msuluhishi inapomruhusu, au pale mfanyakazi mwenyewe alipokubali kwa maandishi ili alipe deni. Mtu akienda ofisini kwenu na daftari lake akisema unadaiwa, mhasibu hana mamlaka ya kumpa hata shilingi.

Njia ya mahakama ndiyo ndefu kuliko zote. Mdai hufungua kesi, mdaiwa huletewa wito, shauri husikilizwa na hukumu hutolewa. Asipolipa hapo, mdai hurudi kuomba kukazia hukumu, na mojawapo ya njia za kukazia ni kukamata mshahara. Amri inakwenda kwa mwajiri, naye huzuia sehemu iliyotajwa kila mwezi na kuiwasilisha hadi deni liishe. Akiipuuza, anaweza kujikuta analipa yeye. Hatari kubwa kwa mdaiwa iko mwanzoni kabisa, kwenye wito. Mtu anaogopa karatasi ya mahakama, anaificha chini ya godoro, na hukumu inatolewa upande mmoja. Hata kama deni lilikuwa nusu ya kilichodaiwa, au alishalipa na risiti anayo, hakuna aliyemsikia. Wito hujibiwa, hata ukijua kweli unadaiwa, kwa sababu huko ndiko unakoweza kuomba kulipa kwa awamu.

Njia ya pili haihitaji hakimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata kwa nguvu ya sheria yake yenyewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyozua maswali mengi ya riba miongoni mwetu, iliondolewa mwaka 2021. Deni la msingi lenyewe liko palepale.

Njia ya tatu ni sahihi yako: mkopo wa benki au wa SACCOS unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Hii ndiyo inayowamaliza wengi, maana haionekani kama kukamatwa.

Je, kuna kikomo? Kwa watumishi wa umma Tanzania, makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Theluthi moja lazima ifike mkononi. Kenya nayo, katika kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007, imeweka theluthi mbili kuwa mwisho wa makato.

Tupige hesabu. Mwalimu ana mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 50,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa pensheni, ni 115,500. Bodi ya Mikopo 150,000. Jumla 345,500, na anabaki na 654,500. Theluthi yake ni kama 333,000, kwa hiyo benki inaona bado kuna nafasi ya kukata takriban 321,000 kila mwezi kwa miaka kadhaa. Afisa mikopo atamwambia “unakopesheka”. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba kodi ya nyumba, nauli na chakula vitatoka katika ile theluthi.

Kutoka hapo watu huangukia kwa wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, na wengine kati yao huchukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anatangulia kwenye mashine. Huyu amekamata mshahara bila kesi na bila hukumu, na hafungwi na theluthi yoyote. Riba yake sina haja ya kuieleza kwa wasomaji wa jarida hili.

Mafaqihi walilijadili jambo hili zamani. Mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi anadhulumu, na kadhi anaweza kuuza mali yake ili wadai wapate haki yao. Lakini aliyefilisika huachiwa chakula na mavazi yake, na aliye katika dhiki hupewa muda. Wenye madeni pia wana fungu lao katika zaka, jambo ambalo kamati za misikiti yetu hulisahau mara nyingi.

Kama una ndugu ambaye kadi yake imeshikwa, aende benki na kitambulisho, aombe kadi mpya na namba mpya ya siri. Kisha aende kwa mdai akiwa na shahidi, aulize kiasi alichopokea na kiasi alicholipa, na kila kitu kiandikwe. Aulize pia leseni: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Asiyekuwa nayo mara nyingi hulegea haraka akisikia swali hilo, na mazungumzo ya kulipa kile kilichokopwa huanzia hapo.