Dondoo muhimu: Slaidi zinaonekana, video haichezi
Nyumbani video ilicheza vizuri, umefika ukumbini skrini nyeusi? Usianze kulaumu projekta. Katika Google Slides, video au sauti uliyoitoa Drive ina ruhusa zake peke yake: kuwafungulia watu slaidi hakuwafungulii faili hilo. Liruhusu kwa yeyote mwenye kiungo. Kisha fungua slaidi kwenye dirisha fiche la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yako; hapo utaona wanachokiona wenzako. Faili la sauti liwe MP3 au WAV. Kwenye Google Meet, onyesha kichupo chenye slaidi, na uhakikishe sauti yake imewashwa. Mtandao ukisuasua (na ukumbini hausubiri kukuaibisha), uwe na nakala ya video kwenye flashi.